Mkuu, usikate hizo shafti

Mkuu, simama kwanza. Umeandika kwamba michoro yako ni ya CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) ya mezani ya sentimita 40, unataka kuirefusha ifike 90 uchonge milango, shafti za unene wa milimita 16, zile fimbo za chuma mashine inazotelezea, umeshanunua na kesho unakata. Halafu unauliza habari za spindo, ile mota inayozungusha biti, na programu. Kabla ya hayo yote: usikate. Mwaka juzi nilifanya hivyohivyo, na roho inaniuma nikiona mwingine anapita palepale.

Aliyeniuzia michoro alisema mashine inakubali ukubwa wowote, badilisha urefu tu. Ni uongo, na hasira naye sijazimaliza, kwa sababu pesa anazochukua ni za mafundi wanaojinyima. Shafti iliyoshikwa ncha mbili tu hupinda, na ukizidisha urefu mara mbili, kupinda kunazidi mara nane! Kutoka 40 hadi 90 kupinda kunazidi zaidi ya mara kumi na moja. Daraja langu, yaani sehemu inayobeba spindo juu ya meza, lilikuwa na shafti mbili za 16, zimebeba kama kilo 5 za spindo na mota. Kwenye sentimita 40 mzigo huo ungezilaza milimita 0.05 tu, huwezi kuona. Kwenye 90 zililala 0.6.

Utasema 0.6 ni nini. Nilikuwa na oda ya paneli za mlango za mninga, nakshi za maua, natumia biti ya V ya digrii 90. Biti hiyo ikizama milimita moja zaidi, mfereji unapanuka milimita mbili. Maua ya pembeni yakatoka membamba, ya katikati yamenenepa. Mteja aliona akiwa bado mlangoni.

Hapo ndipo hela zilipoteketea. Muuza vifaa akaniambia mota hazina nguvu, nikatoa mota za saizi ya NEMA 17 nikaweka NEMA 23, kubwa zaidi. Mota nzito zaidi juu ya shafti zilezile, zikazidi kulala, na biti ikigusa mninga mashine nzima inatetemeka. Nikashauriwa tena nisawazishe meza kwa mashine yenyewe. Nikasawazisha. Mashine iliyolala katikati ikachimba bonde katikati ya meza, na ukichonga kitu laini kinachofuata bonde unadhani umepona. Ubao wa mninga wa milimita 25 haufuati bonde, unakaa juu yake kama daraja. Paneli nne za mninga ziliharibika, na mbao zote nikalipa mimi.

Sasa fanya jaribio hili leo, halitakugharimu chochote. Weka shafti zako mbili juu ya vipande viwili vya mbao, umbali sentimita 90. Laza rula ndefu ya alumini iliyonyooka juu ya shafti moja, kwa urefu wake, kisha ning'iniza dumu la maji la lita 5 katikati ya shafti zote mbili, si kwenye rula. Chukua zile fila, vibati vyembamba vyenye unene ulioandikwa, mafundi magari wanazopimia tapeti, uingize pale katikati, baina ya rula na shafti. Utaona mwenyewe ni ipi inapita.

Dawa yake ni hii: reli, yaani hiyo shafti ya kutelezea, iegemee kitu kigumu urefu wake wote. Mimi leo natumia reli za SBR20, zile shafti za milimita 20 zenye kitako cha alumini chini, na kitako nimekifunga kwenye bomba la chuma la mstatili, si kwenye MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa. Usidanganyike kwamba kitako peke yake kinatosha, bila bomba nacho kinapinda. Na ukisema utanunua tu shafti nene: ya 20 inapinda kama mara mbili na nusu pungufu ya 16, bado hujafika kule michoro yako ilikokuwa kwenye 40.

Kama hela ya reli haipo kwa sasa, jenga ile ya 40 ilivyochorwa. Ni mashine nzuri kabisa kwa vibao vya majina na nakshi ndogo, na shafti ulizonazo zinatosha. Spindo na programu tutaongea baadaye, kwanza pima na hilo dumu uweke picha hapa.