Besi kuvuma bila noti kusikika: jinsi ninavyotumia haipasi na lopasi

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini gitaa lako la besi linavuma mkiwa mnapiga bendi nzima hadi noti hazieleweki, na ukipunguza nobu ya besi kwenye amplifaya inabaki nyembamba, haina nguvu. Pili, kama filta za haipasi na lopasi zitakusaidia au utaongeza tu kifaa kingine cha kubeba. Nimepiga besi zaidi ya miaka 15, na kama ningeambiwa nibaki na kifaa kimoja tu kati ya gitaa na amplifaya, ningebaki na haipasi. Nikueleze kwa nini.

Haipasi inapitisha sauti zilizo juu ya masafa uliyoweka (masafa ni kasi ya mtetemo wa sauti, hupimwa kwa Hz) na kuzuia zilizo chini yake. Lopasi ni kinyume: ya chini inapita, ya juu inazuiwa. Ila hakuna inayokata kama panga, zote zinateremka kama mlima. Haipasi ya desibeli 12 kwa oktavu (yaani kila masafa yakishuka nusu, sauti inapungua kwa desibeli 12, kipimo cha ukubwa wa sauti) ukiiweka 40 Hz, pale pale kwenye 40 sauti imeshapungua desibeli 3 hivi, na ukishuka hadi 20 Hz imepungua kama 12. Ya desibeli 24 kwa oktavu mteremko wake ni mkali zaidi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "mimi naweka 50", muulize pia mteremko wake ni upi, maana 50 ya filta laini na 50 ya filta kali ni sauti mbili tofauti kabisa.

Sasa angalia noti zenyewe. Besi ya nyuzi nne, E ya chini ikipigwa wazi ni 41 Hz, A ni 55, D ni 73, G ni 98. Ukiwa na uzi wa tano, B yake ni 31 Hz. Nobu ya besi kwenye amplifaya nyingi inashika eneo pana, na sehemu kubwa ya kazi yake iko kwenye 80 hadi 100 Hz, ambako ndiko uliko mwili wa noti. Ukiipunguza unaondoa mngurumo, lakini noti nayo umeipunguza pamoja nao. Ndiyo maana unasikia umebaki na kamba tupu. Haipasi inashughulika na kule chini tu, na mwili wa noti inauacha palepale.

Na kule chini kuna nini? Hili sikulielewa mpaka nilipoharibu spika. Nilikuwa na boksi lenye tundu la hewa mbele na spika mbili za inchi 10, napiga besi ya nyuzi tano. Siku moja kwenye mazoezi, katikati ya wimbo, spika moja ikaanza kukwaruza, ikafa. Nilikuwa nimeamini kwamba nikiwa na amplifaya yenye wati chache kuliko uwezo wa boksi, niko salama. Haiko hivyo. Boksi la tundu limepimwa ili hewa ya kwenye tundu isaidie kuishikilia koni hadi masafa fulani. Ukishuka chini ya hapo, koni haina kinachoizuia, inapepea tu. Tena kadiri unavyoshuka ndivyo inavyolazimika kusafiri zaidi: kutoa sauti yenye ukubwa uleule oktavu moja chini, koni inahitaji kwenda mbele na nyuma mara nne zaidi. Spika yangu haikuungua kwa wati nyingi. Ilivunjika kwa kuruka kupita kiasi chake.

Baada ya kuitengeneza nilifungua wavu wa mbele nikawasha taa ya simu, nikaitazama koni nikiwa sipigi noti yoyote. Nikaweka tu kiganja juu ya nyuzi kuzinyamazisha. Koni ikaruka mbele kama imepigwa teke, na sikusikia noti, ila kishindo kidogo. Nikagonga pikapu (kinasa cha mtetemo kilicho chini ya nyuzi) kwa kidole gumba, ikaruka tena. Nikawasha haipasi kwenye 35 Hz, mteremko mkali, nikarudia yaleyale: koni ilitikisika kidogo tu. Nikapiga E wazi, nikaizima filta na kuiwasha mara kadhaa, na sikuweza kusema ipi ni ipi kwa masikio. Kwa macho tofauti ilikuwa kubwa mno. Amplifaya na spika zilikuwa zinamaliza nguvu kwa kitu ambacho hakuna mtu anayekisikia.

Najua hofu inayofuata: "nikikata 50 Hz, E yangu ya 41 itapotea." Haipotei. Noti ya besi si 41 peke yake, ina 82, ina 123, ina 164 na kuendelea, na mara nyingi kwenye gitaa la besi ile ya 82 ndiyo yenye nguvu kuliko 41 yenyewe. Sikio likizipata hizo za juu linaijaza ya chini lenyewe. Ndiyo maana kwenye redio ndogo unaweza kuifuata besi ya wimbo noti kwa noti, ingawa kispika chake hakiwezi kutoa 41 Hz hata kidogo.

Namna ninavyoiweka: bendi ikiwa inapiga, naanza na filta chini kabisa, napandisha taratibu hadi nisikie besi imeanza kukonda, kisha narudisha nyuma kidogo. Nikiwa peke yangu siiwekei hesabu, kwa sababu besi ikiwa peke yake kila mtu anaitaka nzito. Ni pamoja na kiki (dramu kubwa ya mguu) ndipo unajua ukweli. Mara nyingi naishia 35 hadi 40. Kwenye chumba kinachovuma naenda 50, hata 60 kwa mteremko laini. Kisha, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, naongeza nobu ya besi kidogo. Kwa kuwa chini kumefungwa, kinachoongezeka sasa ni mwili wa noti tu, na besi inasikika kubwa kuliko mwanzo huku spika ikifanya kazi ndogo.

Tahadhari moja. Kama ni noti moja tu inayovuma, mathalani kila ukigusa A chumba kinatetemeka, hapo haipasi peke yake haitatosha. Kuta mbili zinazotazamana zikiwa mbali mita 3 na kidogo, zinaikuza sauti ya karibu 55 Hz, na hiyo ni A yako hasa. Sogeza boksi kutoka kwenye kona kwanza, halafu tumia ikwalaiza (kifaa cha kupandisha au kushusha sehemu fulani tu ya masafa) kupunguza pale pale padogo.

Lopasi umeshaitumia bila kuiita jina. Nobu ya toni kwenye gitaa lako, kama ni la kawaida lisilo na betri, ni lopasi: kapasita (kijisehemu cha umeme), mara nyingi ya mikrofaradi 0.047, inayomwaga sauti za juu kwenye waya wa ardhi. Kampuni kama Alembic ya Marekani na Wal ya Uingereza zikaenda mbali zaidi, zikaweka ndani ya gitaa lopasi unayoweza kuizungusha ichague ikate wapi, na kuinua kidogo masafa yaliyo pale pale inapoanzia kukata. Kile kimlima kinaipa besi mdomo, kana kwamba inatamka.

Mimi naihitaji zaidi ninapoingiza besi moja kwa moja kwenye miksa. Spika za besi zisizo na twita (spika ndogo ya sauti za juu) zinaanza kuishiwa nguvu zenyewe kwenye 4 au 5 kHz (kHz moja ni Hz 1000), lakini spika za ukumbi zinaendelea juu sana, kwa hiyo kila mkwaruzo wa kidole na kila mlio wa freti unatoka wazi. Lopasi kwenye 5 kHz inaufuta mchakacho huo na besi inarudi kusikika kama imetoka kwenye boksi. Nikitaka sauti ya mviringo nashuka hadi 2 kHz. Chini ya 1 kHz nashuka kwa nadra, kwa sababu mgongano wa kidole na uzi ndio unaomwambia msikilizaji noti imeanza lini. Ukiuondoa wote, ukiwa peke yako utaona utamu, ila bendi ikiingia unazama.

Kuhusu mpangilio: haipasi iwe kabla ya kompresa (kifaa kinachobana sauti kubwa ili zilingane na ndogo), la sivyo vile vishindo vya kiganja vinaibonyeza kompresa na noti zako zinanywea bila sababu ya kusikika. Ukitumia distoshoni (kifaa cha kukwaruza sauti makusudi), lopasi iwe baada yake, ikakate ule mchakacho mkali wa juu.

Kwa tatizo lako anza hivi: rudisha nobu ya besi katikati, haipasi 45 kama una mteremko mkali au 50 kama ni laini, lopasi iache wazi kabisa kwanza. Pigeni wimbo mzima, usiguse kitu katikati. Kisha niambie besi yako ni ya nyuzi ngapi, na boksi lako lina tundu au limefungwa pande zote, maana hapo ndipo namba zitabadilika.