Mashavu ya mumeo si ya mchepuko

*Shikamoo Shangazi. Naishi Nzuguni, Dodoma, nina watoto wawili. Mume wangu alipandikizwa figo mwezi wa kwanza, aliyempa ni mdogo wake wa kike. Kabla ya hapo nilimpeleka kwenye mashine ya kusafisha damu miaka miwili, mara tatu kwa wiki. Sasa amepona, lakini mama yake kaja kutoka Mvumi na hana dalili ya kuondoka. Wiki ya Pasaka alitwaa boksi la dawa bila sababu yoyote, akaliweka chumbani kwake. Dada yangu alileta maziwa ya mgando kutoka Kongwa, mama mkwe akayamwaga mbele ya macho yake. Wageni anawarudishia mlangoni. Majirani anawaambia nilitaka kumuua mwanawe. Mume wangu naye kabadilika: ana hasira, hanigusi, anakula kuliko zamani, mashavu yamejaa kama bwana harusi. Nahisi kuna mtu anampendezea. Pasaka tulikwenda Kongwa vizuri tu, hata dawa tulizisahau nyumbani siku mbili na hakudhurika, ingawa kliniki iliyofuata daktari alifoka kuhusu vipimo. Wifi naye siku hizi hapigi simu. Nimwambieje mama mkwe aondoke bila ugomvi? Mke Asiye na Sauti.*

Marahaba mwanangu. Pole. Miaka miwili ya mashine si mchezo: saa nne kitandani kila safari, nauli, maji ya kupimiwa kwa kikombe, na wewe uko kwenye benchi la nje unasubiri. Hilo hakuna wa kukunyang'anya. Pole imeisha, sasa tuisome barua yako.

Juu umeandika kwamba mama mkwe alitwaa boksi wiki ya Pasaka "bila sababu yoyote". Mistari michache chini, labda ukidhani nimeshachoka kusoma, unataja kwamba Pasaka hiyohiyo dawa zilibaki nyumbani siku mbili. Mwanangu, sababu umeiandika kwa mkono wako mwenyewe. Na hilo "hakudhurika" umelitoa wapi, wakati daktari alifoka? Figo haipigi yowe inapoumizwa. Inaharibika kimyakimya, na anayejua ni kipimo cha damu.

Ulipopotea ni pale uliposema "amepona". Mumeo hajapona kwa maana unayoitaka wewe. Ametolewa kwenye mashine akakabidhiwa vidonge. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli mgeni amekuja, ni figo ya dada yake. Lakini mwili haujui methali. Kinga ya mwili ikiiona figo ile inamwona mvamizi, inaishambulia. Kwa hiyo madaktari wameishusha kinga yake makusudi, na dawa ya kuishusha inamezwa kwa saa: saa mbili asubuhi, saa mbili usiku, kesho hivyohivyo, muda wote figo hiyo itakapokuwa hai. Nyinyi mkaruka siku mbili, miezi mitatu tu tangu apasuliwe, wakati ambao mwili bado una hasira na mgeni. Mama wa watu akalala na boksi chini ya mto. Mimi ningelifunga kwa kufuli.

Maziwa nayo. Hebu fikiri. Mama wa Kigogo, aliyezaliwa zizini, aliyelelewa kwa kibuyu, anamwaga maziwa! Ujue jambo limemfika hapa. Mgando wa maziwa yasiyochemshwa una vijidudu ambavyo wewe na mimi tunavinywa tukalala usingizi, lakini mtu aliyeshushwa kinga vinaweza kumlaza wodini. Ndiyo hiyohiyo sababu ya wageni wenye mafua kurudishwa mlangoni, na vumbi letu hili la Dodoma kufagiliwa uani yeye akiwa ndani, na kumwagiwa maji kwanza. Kwa majirani hapo mama kakosea, sitamtetea. Mambo ya boksi yalikuwa ya sebuleni kwenu.

Siku hizi tunaichukulia figo kama kung'oa jino kwa sababu imesogea karibu. Kabla ya Novemba 2017, Muhimbili walipopandikiza ya kwanza nchini, mumeo angepandishwa ndege kwenda India. Machi 2018 hospitali ya Benjamin Mkapa wakaanza hapahapa Dodoma, mtu anakwenda kwa bajaji. Bajaji ikatufanya tusahau uzito wa jambo.

Sasa mashavu. Nimecheka, unisamehe. Mwanangu, mashavu hayo si ya mchepuko, ni ya prednisoloni, moja ya dawa zake za kushusha kinga. Ile dawa inajaza uso ukawa duara, inaleta njaa isiyo na adabu, na inampa mtu hasira za kuchomoka bila kumjua wa kumchomokea. Mikono ikitetemeka anaposhika kikombe, hiyo mara nyingi ni dawa nyingine kati ya hizohizo. Kwa kawaida dozi hupunguzwa polepole na uso hurudi. Usione vyaelea. Huyo bwana harusi unayemwona ameundwa na vidonge, na anapojitazama kwenye kioo hajitambui. Wewe unaona kapendeza, yeye anaona sura ya mtu mwingine.

Kutokukugusa pia kuna maelezo kabla hujapekua simu. Figo mpya haiwekwi mgongoni zilipo za zamani, inawekwa mbele, chini ya tumbo, upande mmoja. Mwanamume akijua kuna zawadi ya dada yake imelala pale chini ya ngozi, anaogopa hata kukumbatiwa. Kwa kawaida kidonda kikishapona vizuri, kama wiki 6 hivi, madaktari huruhusu. Ila ni nani aliuliza? Kliniki ijayo ingia naye chumba cha daktari, uulize wewe. Aibu yako itaisha dakika mbili.

Nina neno na wanawake wa siku hizi, na waume zao wasijifiche nyuma yao. Tumekuwa hodari wa ugonjwa wenye watazamaji. Mtu akilazwa tunapiga picha ya dripu, tunaandika "Mungu ni mwema", michango inaingia, shemeji wanatusifu. Siku anayoruhusiwa tunaandika "asanteni, amepona", pazia linafungwa. Lakini kuuguza kwenyewe kunaanza pazia likifungwa, kwenye mambo ambayo hayana picha: kuhesabu vidonge, kuchemsha maziwa, kuosha zabibu kwa maji safi, kumkataza mtu mzima mnada wa Msalato kwa sababu ya msongamano, halafu kuvumilia akinuna. Kule kwenye mashine ulikuwa shujaa na kila mtu alikuona. Sasa kazi haionekani, na nadhani kinachokuuma si mama mkwe kukaa. Kinachokuuma ni kwamba anaifanya kazi ambayo uliamini imeisha.

Basi usimwambie aondoke. Leo usiku saa mbili kasoro dakika kumi mgongee mlango, umwambie, "Mama, Pasaka nilikosea, nifundishe boksi." Kaa naye wiki nzima, ujue kidonge kipi ni kipi, uweke kengele kwenye simu yako na ya mumeo. Siku ya kliniki, kile kidonge ambacho kiwango chake kinapimwa kwenye damu hakimezwi nyumbani, mnakibeba, anameza damu ikishatolewa. Homa ikimshika hamwendi duka la dawa, mnapiga simu hospitali usiku huohuo. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, asipewe hata mgongo ukimuuma. Balungi hapana, linapandisha dawa mwilini. Na dawa za mitishamba za "kusafisha figo", atakazozileta dada yako au yeyote, zirudi zilikotoka. Mama akikuona hukosei mwezi mmoja, miwili, atakurudishia boksi mwenyewe. Mvua zikikaribia, mwezi wa kumi na moja, mwanamke wa Mvumi hakai mjini shamba likimngoja.

Nimekiacha cha mwisho kwa sababu ndicho kilichonikera kuliko vyote. Barua yako yote, wifi umempa mstari mmoja, kwamba hapigi simu. Huyo binti alilala kwenye meza ya upasuaji akiwa mzima, akaamka amepungukiwa figo ili wewe usiwe mjane. Figo iliyobaki inajikuza na kubeba kazi ya mbili, ni kweli, lakini naye anatakiwa apimwe presha na mkojo kila mwaka, naye diklofenaki haimfai. Ni nani alimpikia uji alipotoka wodini? Umempigia wewe?

Jumamosi hii acha watoto na bibi yao, chukua kuku, uende kwake. Muulize kama amepimwa tangu atoke hospitali, na kama hajapimwa, mwende wote. Akikuuliza umefuata nini, mwambie umechelewa miezi mitano.