Kwa nini ssh haifuati ulichoandika kwenye ~/.ssh/config

Swali: Habari kaka. Kwenye ~/.ssh/config (faili la mipangilio ya ssh, programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) nimeanza na Host * nikaweka User deploy, halafu chini nikaandika Host majaribio na User juma. Nikipiga ssh majaribio bado inaingia kama deploy. Maelezo ya ssh_config (mwongozo wa hilo faili) nimeyasoma sijaelewa. Jamaa mmoja kwenye video kasema tupige chmod 777 (ruhusa kwa kila mtu kusoma na kuandika) folda nzima, nimepiga, sasa haiingii kabisa.

Jibu: Tuanze na hiyo 777 maana ndo inayokuzuia sasa hivi. ssh ikikuta konfigi yako inaweza kuandikwa na mtu yeyote inagoma, inakutupia "Bad owner or permissions" basi. Piga chmod 700 ~/.ssh, halafu config na ufunguo wako wa siri vyote 600, yaani viguswe na wewe tu. Na kama kompyuta hiyo mnaitumia wengi, ufunguo uliokaa 777 uhesabu umeshaonekana, tengeneza mwingine.

Sasa User. Maelezo yenyewe yanachangia watu kupotea, kwa sababu jambo kubwa limesemwa kwa sentensi moja pale mwanzoni ukiipita ndo umeikosa: kila kipengele kinachukua thamani ya kwanza kupatikana. Ya kwanza jamani, sio ya mwisho! Watu wamezoea Git (programu ya kutunza matoleo ya kodi) ambako cha chini kinafuta cha juu na konfigi ya mradi inaishinda ~/.gitconfig, wanakuja na mazoea hayohayo huku. ssh inaangalia kwanza ulichoandika kwenye komandi, kisha ~/.ssh/config, mwisho /etc/ssh/ssh_config, na ikishapata User haina habari na User nyingine. Host * inahusu kila seva, majaribio ikiwemo, kwa hiyo deploy imewahi. Geuza:

Host majaribio
    User juma

Host *
    User deploy

Halafu piga ssh -G majaribio | grep '^user ' uone itatumia nani, bila hata kuunganisha. Vipo vichache vyenye mambo yake, mfano IdentityFile (faili la ufunguo wako wa siri), zikiwa nyingi zinajumlishwa na kujaribiwa moja moja. Na ile nafasi mwanzo wa mstari ni ya macho yako tu, ssh haiijali, mstari ni mali ya Host iliyo juu yake mpaka ije Host au Match nyingine, ndo maana mtu anabandika kitu mwisho wa faili akidhani ni cha seva zote kumbe kimeingia kwa Host ya mwisho.

Hawa wa video wananichosha kweli. Kila tatizo 777, ikigoma weka sudo. Ukipiga sudo ssh wewe ni root (msimamizi mkuu wa kompyuta), inasomwa konfigi ya /root/.ssh, utahariri ya kwako mpaka asubuhi na hakuna kitakachobadilika. Wabaya zaidi ni wanaokupa StrictHostKeyChecking no na UserKnownHostsFile /dev/null chini ya Host *, eti kuondoa ile meseji kwamba ufunguo wa seva umebadilika. Meseji ile inakushtua kwamba huenda uliyemfikia sio seva yako! Ukiizima hivyo umeizima hata kwa seva yenye data za wateja. Kama seva imeinstoliwa upya kweli, chukua alama mpya ya ufunguo (fingerprint) kwa anayeisimamia, linganisha na unayoonyeshwa, zikifanana ndo ufute ya zamani kwa ssh-keygen -R na jina la seva.