Jibu: Nyutrino ikigonga kiini, utajuaje ni mtawanyo wa pamoja?

Mdogo wangu wa Mlimani, umeuliza namna ya kutofautisha mtawanyo wa pamoja na usio wa pamoja, pale nyutrino (chembe ndogo mno isiyo na chaji) inapogonga kiini cha atomu. Kiangalie kiini baada ya kugongwa. Kikibaki kwenye ngazi yake ileile ya nishati, kikasukumwa kidogo kizimakizima, huo ni wa pamoja: nyutrino haikubagua nyutroni moja moja, na uwezekano wa mtawanyo huo hukua takribani kwa mraba wa idadi ya nyutroni. Kiini cha elementi ya siziamu, kwa mfano, kina nyutroni 78. Piga 78 mara 78 uone! (Protoni karibu hazichangii.) Kikisisimka, yaani kikapanda ngazi ya nishati, kisha kikatoa mionzi ya gama, si wa pamoja, na faida ya mraba imepotea. Mwanafizikia Freedman alitabiri mtawanyo wa pamoja mwaka 1974. Msukumo ni hafifu mno, ndiyo maana ukaonekana 2017 tu, kule Oak Ridge, Marekani, kwa kigunduzi cha kilo 14.6.