Mjusi wetu alikula na bado akakonda, kumbe chakula hakikuwa shida

Juzi dada mmoja wa Minneapolis kanitumia picha ya mjusi wa mwanawe, hawa wa ndevu ambao asili yao Australia, na swali moja tu: nimpe nini anenepe? Nilicheka halafu nikanyamaza, maana swali hilohilo mimi nimeliuliza Januari nzima, nikajibiwa upuuzi, na upuuzi wenyewe nikaufuata.

Sisi tuko Columbus, Ohio. Kuna familia ilikuwa inahama wakamwachia mwanangu mjusi wao, kabati lake la kioo, taa zake, kila kitu, mtoto akampa jina Babu kwa ajili ya zile ndevu. Mama yangu Tanga aliposikia aliuliza mara mbili: mjusi? Ndani? Na mnamwita Babu? Kwetu mjusi kafiri akionekana ukutani watoto wanakimbilia kandambili, leo we unamnunulia mende kwa dola! Sikuwa na jibu na mpaka leo sina.

Babu alikuwa mtu mzima, pua mpaka ncha ya mkia kama sentimita 45, lakini nilipomweka kwenye mizani ya jikoni ikasoma gramu 212. Mjusi wa urefu ule ungetegemea awe 350 hivi kwenda juu. Mkia umesinyaa pale unapoanzia, nyonga zinahesabika, na nyuma ya macho, pale panapotakiwa pawe na vinundu vya mafuta, pamebonyea.

Nikaenda duka la wanyama, kijana akaniuzia funza weupe wanene, eti hawa wiki mbili tu utamwona. Babu akawapenda kama mtoto na peremende, siku ya nne hataki kingine, nyenje hataki, mboga hataki. Na hiyo mboga nilikuwa nampa spinachi kila siku nikijiona nimesoma, kumbe spinachi inaishika kalisiamu mwili usiipate. Ikafika mahali nikawa namfungua mdomo kwa nguvu namlisha kwa bomba la sindano. Akatapika. Naandika hapa na aibu bado ninayo.

Daktari wa kwanza alisema hatibu mijusi. Wa pili, mwendo wa dakika 50 na dola 180, hakuuliza kabisa anakula nini, aliuliza anaota joto la ngapi. Nikajibu kwa madaha, 95 za Farenihaiti, kipimajoto kimebandikwa kwenye kioo. Akasema kanunue kile cha mkononi, chenye umbo la bunduki, upime palepale anapolala. Nikapima. 81! Panatakiwa pawe 100 mpaka 110. Mjusi hana moto wake mwenyewe, joto la nje ndilo linalompikia chakula tumboni, bila hilo unamshindilia vitu vinamuozea humo. Na ile taa ya UVB, inayompa miale kama ya jua, ilikuwa na zaidi ya miaka miwili, inawaka vizuri tu lakini miale yake ilishaisha zamani, tena mimi nikawa namweka dirishani apate jua wakati kioo kinaizuia miale hiyohiyo. Kinyesi kikapimwa, minyoo tele, akapewa dawa, baada ya wiki mbili akapewa tena.

Mwezi wa tatu na wa nne siwasimulii, ni kupima na kuandika, gramu tano hapa, sifuri pale. Jumapili iliyopita: 388. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni.

Kwa hiyo ushauri wangu, pima joto. Taa ya UVB badilisha kwa tarehe, miezi 6 mpaka 12 kutegemea aina yake, usingoje izime. Peleka kinyesi kibichi kwa daktari kabla hujanunua funza hata mmoja. Halafu ndio chakula: nyenje na mende wa dubia wasiozidi nafasi iliyopo kati ya macho yake, walishe wao kwanza siku nzima, wapake unga wa kalisiamu. Mboga mpe sukuma, sukuma hii hii ya kwetu, huku imejaa kila duka. Funza weupe mmoja mmoja, kama zawadi. Mpime kila wiki siku ileile. Na joto, nimeshasema, pima.

Kuna watu kwenye grupu letu la WhatsApp waliandika kwamba nyumbani watu wanakosa ada na mimi napeleka mjusi hospitali. Nimewasoma wote. Ada natuma, na mnajua natuma. Mnyama hakujileta mwenyewe kwenye kioo, ukishamfungia humo jua lake ni wewe, mvua yake ni wewe, sasa kama hukuwa tayari kwa hilo si ungemnunulia mtoto baiskeli? Wazazi tunapenda picha ya siku ya kwanza, siku ya arobaini hatumjui mnyama yuko wapi.

Dada wa Minneapolis, usinitumie picha tena. Nitumie namba iliyosomwa na ile bunduki ya kupimia joto pale anapolala, na mwezi ulionunua taa. Hayo mawili yakifika ndio tuongee chakula.