Ndege ya watalii kwenda Mombasa: mambo ya kujua kabla hujalipa

Kila Desemba ikikaribia, jamaa wa pwani tunaoishi huku Ujerumani huulizana: tupande ndege ya watalii inayotoka Frankfurt moja kwa moja hadi Mombasa, au ile ya kawaida ya kuunganisha Addis Ababa au Doha? Mimi humwuliza mtu kwanza anakwenda kufanya nini. Kama ni likizo, apande ya watalii bila wasiwasi. Kama ni harusi, aipande lakini atangulie wiki nzima. Kama ni msiba, asiifikirie kabisa.

Ndege hizi zilipangwa kwa kalenda ya mtalii, si kwa shughuli zetu. Tazama Condor, shirika la Kijerumani la ndege za watalii ambalo wengi wetu tumelipanda. Ilianzishwa mwaka 1955 kwa jina la Deutsche Flugdienst, na waliochanga mtaji walikuwa kampuni mbili za meli, shirika la reli la Ujerumani Magharibi na Lufthansa. Safari yake ya kwanza, Machi 1956, ilipeleka mahujaji Nchi Takatifu. Jina la Condor lilikuja 1961, na kabla ya muongo ule kwisha ilikuwa imeshafika Kenya. Mwaka 1971 ikawa shirika la kwanza la ndege za likizo kurusha Boeing 747.

Jumbo kubwa kama lile halikujazwa na mtu mmoja mmoja aliyekwenda dirishani kuulizia tiketi. Kampuni za utalii zilinunua viti kwa mafungu, miezi mingi kabla, zikavifunga pamoja na hoteli na basi la kumtoa mgeni uwanjani, kisha zikamwuzia Mjerumani likizo nzima kwa bei moja. Siku hizi unaweza kununua kiti peke yake kwenye intaneti, lakini mafungu yale bado yapo, na ndiyo yanayoamua ndege iruke siku gani na iache lini.

Bei nafuu nayo hutoka hapohapo. Ndege ya ratiba, yaani ile ya kawaida, huruka hata ikiwa nusu tupu, kwa sababu kesho ina abiria wengine wa kuwachukua. Ya watalii imepigiwa hesabu ikiwa imejaa, kwa hiyo viti vimebanwa, magoti yako utayajua, na ndege haikai chini muda mrefu. Mara nyingi huzunguka pembetatu: Frankfurt, Mombasa, kisha Zanzibar au Kilimanjaro, ndipo irudi. Ukiona wenzako wanateremka wewe ukaambiwa ubaki kitini, usishtuke.

Halafu kuna msimu. Kiangazi cha Ulaya ndege nyingi hukimbilia Mediterania. Baridi ikiingia ndipo hugeuzwa kuelekea Bahari ya Hindi na Karibi. Kwetu hufika kwa wingi kati ya Desemba na Machi, kaskazi ikivuma, majira yaleyale majahazi ya Ghuba yalipokuwa yakitia nanga Mombasa. Masika ikikaribia safari hupungua, na hoteli nyingine za Diani hufunga kwa ukarabati.

Kwa hiyo ukiona bei, usiishie hapo. Tazama pia ndege inaruka mara ngapi kwa wiki. Ikiwa ni mara moja au mbili, ikiharibika ya leo hakuna ya kesho. Mashirika haya hayana ndege nyingi za akiba. Mwaka mmoja ndege iliyokuwa itutoe Mombasa, ya shirika nisilolitaja, ilipata hitilafu, tukangoja kipuri kitoke Ulaya. Watalii waliona raha: wameongezewa siku ya bahari bila malipo, na jioni wakaenda kupiga picha ufukweni. Sisi wenye kazi Jumatatu asubuhi ndio tuliokuwa tunawapigia simu mabosi.

Baadaye tukaletewa vocha. Mimi niliikataa. Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya, ya mwaka 2004, inazihusu ndege za kukodi, yaani hizi za watalii, sawasawa na za ratiba. Kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500, ukifika umechelewa kwa saa nne au zaidi unadai euro 600; kati ya saa tatu na nne wanaweza kukupunguzia hadi 300. Fidia hulipwa taslimu au benki, na vocha ni kwa hiari yako, tena kwa sahihi yako. Watakuambia ni hitilafu ya mitambo. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilishaamua mwaka 2008 kwamba hitilafu ya kawaida ya mitambo haiwi udhuru; dhoruba ni habari nyingine. Huku Ujerumani una miaka mitatu ya kudai, ikihesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka wa safari. Ila angalia: ukitoka Mombasa kuja Ulaya, kanuni hii inakulinda tu kama ndege ni ya shirika la Ulaya.

Lililo zito zaidi ni kufilisika. Biashara hii huanguka ghafla. Monarch, shirika la ndege la Uingereza, ilizimika tarehe 2 Oktoba 2017. Thomas Cook, kampuni ya utalii ya Uingereza iliyokuwa ikimiliki Condor, ikafa tarehe 23 Septemba 2019; Condor yenyewe ilinusurika kwa mkopo wa dharura wa euro milioni 380 uliodhaminiwa na serikali. Kwetu pwani, aliyekulia Shanzu anaikumbuka African Safari Club, iliyokuwa na hoteli zake, meli yake na ndege zake za African Safari Airways. Mteja alitoka Ulaya hadi kitandani bila kutoka mikononi mwao. Watalii walipokauka baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, kila kitu kikayumba pamoja. Na Mei 2014, Uingereza ilipotoa onyo la usalama, Thomson, kampuni ya utalii ya hukohuko, iliwarudisha wageni wake na kusimamisha safari za Mombasa hadi Oktoba.

Ukinunua kifurushi cha ndege na hoteli huku Ujerumani, lazima upewe hati ya dhamana, Sicherungsschein, kwamba kampuni ikifilisika hutapoteza fedha zako. Usilipe kabla hujaiona. Thomas Cook ilipoanguka, bima ya wateja wa Ujerumani ilikuwa na ukomo wa euro milioni 110, haikutosha, ikabidi serikali ijazie. Ndiyo maana tangu 2021 kuna mfuko maalumu. Ukinunua kiti peke yake, dhamana hiyo huna. Ndiyo sababu kabla ya kukata kiti peke yake huwa natazama kwanza bei ya kifurushi. Nje ya msimu tofauti huwa ndogo, na hoteli ya Bamburi unaweza kumpa mama akapumzike siku mbili tatu, mradi jina lake liandikishwe mapema.

Mizigo sina mengi. Bei ya chini kabisa mara nyingi haina begi la kuweka chini ya ndege, na begi hulipiwa kwa nafuu zaidi mtandaoni kuliko kaunta. Pima nyumbani. Shangazi zetu hawajui kilo 23 ni nini, na orodha yao ya vitu vya kuletewa huja usiku wa kuamkia safari.

Kizuri kingine ni kwamba tiketi ya kwenda na ya kurudi huuzwa mbalimbali, na bei moja haiiharibu nyingine. Mimi huenda na ya watalii mwanzoni mwa Desemba, kabla shule za huku hazijafungwa na bei haijapanda. Nikitaka kukaa hadi Aprili, narudi kwa ndege ya ratiba kupitia Addis Ababa.