Uumbaji una kipindi chake kwenye ratiba

Swali la wiki hii linauliza iwapo habari za uumbaji zifundishwe sambamba na nadharia ya mageuko ya viumbe katika vipindi vya sayansi vya shule za serikali. Nimefundisha Biolojia kwa miaka 22 katika shule za kata za mkoa wa Dodoma, na kanisani kwetu mimi ni mzee wa kanisa. Jibu langu ni hapana. Hata hivyo, siwalaumu wazazi wanaotaka iwe hivyo, kwa maana sehemu kubwa ya wasiwasi wao tumeipanda sisi walimu wenyewe.

Katika silabasi niliyofundishia, mada ya mageuko ilikuwa ya Kidato cha Nne, mwalimu akiwa tayari anakimbizana na mtihani wa taifa. Kwa miaka mingi niliandika noti ubaoni, wanafunzi wakanakili, nikafuta, tukasonga mbele. Mwenzangu mmoja alikuwa na kauli aliyoirudia kila mwaka: "Jibuni wanavyotaka, Jumapili mtatubu." Darasa lilicheka na mimi nilicheka, na sikutambua kwamba kwa kicheko kile tulikuwa tukiwaambia watoto kuwa sayansi ni uongo unaoandikwa kwa ajili ya alama.

Mwaka mmoja binti wa dawati la mbele alinyoosha mkono kabla sijafuta ubao. Akauliza, "Mwalimu, mbona nyani wanaokula mahindi ya baba hawajageuka?" Somo tulikuwa tukilifundisha kwa Kiingereza, lakini swali lilikuja kwa Kiswahili, na tatizo lote lilikuwa ndani ya neno hilo moja. Katika Kiswahili, anayegeuka ni mtu mmoja: leo ni hivi, kesho ni vile. Sisi wa kanda ya kati tumekua tukisimuliwa habari za watu wa Singida waliosemekana kugeuka simba usiku, kwa hiyo mtoto anaposikia kwamba mtu ametokana na mageuko, akili yake humpeleka moja kwa moja kwenye hadithi za namna hiyo, na ana haki ya kukataa. Biolojia haisemi kwamba nyani fulani aliamka akiwa mtu. Inasema kwamba sisi na nyani tuna babu wa mbali sana tunayeshiriki, kila ukoo ukashika njia yake. Hakuna anayeuliza kwa nini mtoto wa shangazi yake hajawa yeye.

Neno "nadharia" nalo limetuponza. Mtaani, nadharia ni maneno yasiyo na vitendo. Fundi akikwambia kazi yako ni nadharia tupu, amekutukana. Katika sayansi, nadharia ni maelezo yaliyokwisha kupimwa mara nyingi na yanayoendelea kupimwa, na ndiyo maana tunasema pia nadharia ya chembehai, ile isemayo kwamba kila kiumbe hai kimejengwa kwa chembehai, bila mzazi yeyote kuja shuleni kulalamika.

Siku ile niliweka chaki chini, nikaanza na mama yangu. Wakati wa mavuno alikuwa akipita shambani kabla ya wavunaji, akichagua masuke ya mtama yaliyojaa vizuri na kuwahi kukomaa, kisha akiyatundika juu ya jiko ili moshi uwafukuze wadudu. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu ya mwaka unaofuata. Hakuna suke lililogeuka. Yeye aliamua tu ni yapi yatazaa. Nikawaambia kwamba Charles Darwin, mwanasayansi Mwingereza aliyeieleza nadharia hii katika kitabu chake cha mwaka 1859, alianza na wafugaji na wakulima wa aina hiyo hiyo kabla ya kudai kwamba ukame, maradhi na njaa navyo huchagua, ingawa havina nia wala macho.

Kisha nikawauliza nani kwao aliwahi kumeza klorokwini. Hakukuwa na aliyeikumbuka, lakini wote walikuwa wamesikia wazazi wakiisimulia kwa uchungu wake na muwasho wake. Dawa ile ilitutibu malaria kwa miongo kadhaa, na mwaka 2001 Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza kwa sababu vimelea vingi havikuwa vikifa tena. Katika mamilioni ya vimelea walikuwamo wachache wenye tofauti ndogo katika jeni zao, tofauti iliyowawezesha kuitoa dawa mahali ilipopaswa kuwaulia. Wenzao walipokufa, wao wakabaki na kuzaliana, na mbu akawasambaza. Tukahamia dawa nyingine iitwayo SP, nayo haikudumu, ndipo tukafika kwenye dawa mseto. Malawi iliyoiacha klorokwini mwaka 1993 iligundua, miaka kama 10 baadaye, kwamba vimelea vinavyouawa na dawa hiyo vimerudi kutawala, kwa kuwa usugu haukuwa na faida tena pale ambapo dawa haipo. Hapo darasa lilinyamaza kwa namna ambayo sikuwa nimeizoea.

Nimeisimulia siku hiyo kwa kirefu kwa sababu wanaotaka uumbaji uingie kwenye kipindi hicho husema kwamba mtoto asikie pande zote mbili. Pande mbili za nini? Swali la jinsi vimelea vilivyopata usugu lina majibu yanayopimika maabara, na kitabu cha Mwanzo hakikuandikwa ili kulijibu. Zaidi ya hayo, kila kinachoingia kwenye kipindi cha sayansi lazima kikubali kuulizwa ni ushahidi gani utakaotufanya tukiache. Mimi ninayesali siko tayari kuona imani yangu ikisahihishwa kwa kalamu nyekundu, alama tatu kati ya kumi.

Na tukiingiza uumbaji, tutaingiza upi? Darasani kwangu walikaa Wakristo na Waislamu, na wajukuu wa wazee wa Kigogo waliomtaja Mulungu kabla ya mmisionari yeyote kufika. Wakristo wenyewe hawasomi siku zile sita kwa namna moja: wapo wanaozihesabu kwa saa 24, na alikuwapo Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyesema mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana. Mwalimu wa Biolojia akiamua ni usomaji upi ulio sahihi, atakuwa ameshika kazi ya mchungaji na ya shehe kwa pamoja. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inaacha kueneza dini kuwa hiari ya mtu binafsi. Jambo hili si geni duniani: jimbo la Louisiana, Marekani, lilitunga sheria ya kufundisha vyote viwili kwa uwiano, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikaitengua mwaka 1987 kwa kuwa lengo lake lilikuwa la kidini.

Kinachonishangaza ni kwamba hapa kwetu aibu hii ya kuyataja mageuko huishia kwenye Biolojia tu. Mtoto huyo huyo, tangu Kidato cha Kwanza, husoma katika Historia habari za fuvu la kale la kiumbe wa jamii ya binadamu alilolipata mtafiti Mary Leakey kule Oldupai mwaka 1959, na tunapowakaribisha watalii tunajisifu kwamba nchi yetu ni chimbuko la binadamu.

Ratiba ya shule ile ilikuwa na kipindi cha dini mara moja kwa wiki; Waislamu walikwenda chumba kimoja na Wakristo kingine. Yule binti aliupeleka ubishi wetu huko, kama nilivyotarajia. Mchungaji hakumkemea wala hakunishtaki kwa mkuu wa shule. Jioni alinipigia simu, tukajuliana hali, akauliza habari za nyumbani, kisha akasema, "Mwalimu, hivi ni kweli klorokwini iliachwa kwa sababu hiyo? Mimi nilidhani ni kwa ajili ya muwasho." Nikamwambia muwasho tuliuvumilia miaka yote; ni vimelea vilivyotushinda. Akaniomba nimpelekee zile noti.